Dumu la Tano

Mama,

Ustadhi ameniambia barua haifiki huko uliko, kinachofika ni dua. Dua nimeomba na nitaendelea kuomba. Lakini dua haina mahali pa kuweka namba, na mimi na wewe hatukuwahi kumaliza mazungumzo bila namba. Kwa hiyo naandika. Nimekaa kwenye kigoda chako, banda la nyuma. Kimya, kigari chako, yuko mbele yangu, kifuniko cha betri zake kiko wazi, na kile kipimo cha asidi nimekisimamisha ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, kama ulivyokuwa ukifanya.

Nina kesi na wewe. Tuanze na hiyo, halafu tuje kwa Kimya, maana Ijumaa anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, na mpaka juzi nilikuwa sijui nimjibu nini.

Hukunisubiri, Mama.

Ni wewe uliyenituma Kitaya. "Nenda," ulisema, "mpunga wa bondeni hausubiri mtu." Nikaenda. Siku mbili tu nilikuwa kule kando ya mto napima mpunga, na simu yangu ikawa imeshika mtandao wa ng'ambo, inanikaribisha Msumbiji kwa Kireno. Kila aliyenipigia aliambiwa sipatikani. Ulikufa saa nne asubuhi, ukazikwa saa kumi alasiri. Mimi nimeshuka garini magharibi na magunia yangu manne, nikakuta mikeka imetandikwa hadi barabarani na watu wananitazama miguuni. Saa sita tu, Mama. Mimi kumaliza foleni ya benki mwisho wa mwezi hunichukua muda mrefu kuliko huo.

Najua ndivyo dini inavyotaka, maiti haicheleweshwi. Silaumu dini. Lakini binti mmoja tu uliyemzaa, na hakukuosha. Hakukushika hata kidole. Walikuosha wengine, mimi nikaja nikaonyeshwa udongo. Hilo nimelibeba miezi tisa, na ukiliweka kwenye mizani leo lina uzito uleule.

Basi. Nimelisema.

Yaliyobadilika nikupe upesi. Umeme umetulia. Tangu huu wa gesi ushike, tangu mfungo mosi umekatika mara tatu, nimehesabu. Unakumbuka ulivyokuwa unakula huku sikio liko kwa friji ya jirani? Ikianza kuunguruma tu, unaacha tonge kwenye sahani, unakimbilia banda la nyuma na plagi mkononi kama mtu anayevizia kuku. Sasa ungekosa kazi. Bajaji zimeingia mjini, zinalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Ubao wangu wa kuchajia simu ulikuwa na matundu kumi na mawili, sasa yako arobaini, na wateja bado wanagombana. Bi Somoe kang'oka jino la mbele, lakini anacheka vilevile, mdomo wazi, hajali.

Na Kimya amechoka. Umeme ulipokuwa wa kuvizia, yeye alikuwa mzima. Umeme umekuja na kukaa, yeye ndiyo anazimika.

Mengine nitakayoandika unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu Kaka Hamisi anasema napenda chuma kwa ajili ya majonzi, wala si kwa akili. Nataka nijue nimepima kila kitu.

Alikuwa kigari cha kiwandani. Magurudumu manne, jukwaa la mbao nyuma, kiti kimoja mbele, usukani mdogo kama sahani. Hana injini, ni mota na betri. Kazi yake ilikuwa kutoa magunia ya korosho ghalani na kuyapeleka kwenye meza za wabanguaji. Wewe ulikuwa mbanguaji, meza ya tatu, na Bi Somoe pembeni yako. Mafuta ya maganda yaliwala vidole, hata siku ile benki walipotaka dole gumba lako, wino ulitoka mtupu kama umepakwa kwenye kijiko, na yule karani akakuuliza, "Mama, una uhakika hiki kidole ni chako?" Siku dereva wa kigari alipougua, ukapanda wewe. Msimamizi akapiga kelele, "We mama, shuka, utaua watu!" Ukamjibu, "Kwa mwendo huu? Atakayekufa itabidi alale kwanza."

Hukushuka tena mpaka kiwanda kilipofungwa.

Wakaja kunadi mabaki. Wanaume walipigania jenereta na mabati. Wewe ukanunua kigari kisichotembea. Baba, Mungu amrehemu, akawaambia wenzake barazani, "Mke wangu kanunua kitanda cha chuma." Kitanda hicho ndicho kilichonisomesha, lakini Baba hakuwahi kulirekebisha lile neno, na wewe hukumdai.

Betri za kwanza zilikufa kwa uzee wa haki. Halafu ofisi moja ikabadilisha betri za mitambo yake ya simu, ukazifuata zile kuukuu kabla hazijatupwa. Seli ishirini na nne za kioo kinene, unaona maji yake kwa nje. Kila moja volti mbili. Nilikuwa na miaka ishirini. Fundi Nandonde alikuwa bado anatafuta kalamu sikioni, mimi nikasema, "Arobaini na nane." Ukanitazama. Ukasema, "Huyu hatasukuma gari la mtu." Mama, sijawahi kupata cheti kilichozidi hicho.

Na meza ya tatu ilikuwa na wanawake ishirini na nne. Ukazipa seli majina yao, moja moja. Ya kwanza ni wewe, "kwa sababu dereva hutangulia." Ya saba, Bi Somoe. Kila asubuhi unachovya kipimo, unasoma, unaandika ukutani kwa chaki. Elfu moja mia mbili sabini, mzima. Chini ya elfu moja mia mbili, mgonjwa. Na mimi chumbani nasikia unavyowasema: "Mwanaidi leo yuko vizuri. Hadija yuko vizuri. Somoe mia mbili na kumi, mvivu huyu, kaamka na usingizi." Na Bi Somoe mwenyewe, kutoka upande wake wa ua: "Nitilie chai basi!"

Jina la Kimya walimpa watu wa mtaani kwetu, Chikongola. Siku ya kwanza ulimtokea mzee mmoja kwa nyuma, akaruka akaingia kwenye mtaro, akapiga kelele, "Mama, tafuta honi, unatujia kama jini!" Ukafunga kengele ya baiskeli. Tangu hapo soda zote za Ligula, Shangani na Chuno zilifika kwa kengele ya baiskeli. Kreti kumi na nane kwa safari. Mara moja tulikwenda Mikindani na kurudi, kilomita ishirini na mbili, na ule mlima wa kutokea kule tulimsukuma, wewe unamwambia, "Jikaze mwanangu, sisi wenyewe tumechoka."

Lakini soda ilikuwa ya kula. Ya kujivunia ilikuwa kuwabeba wali, mabinti wanaotoka unyagoni. Kila mwezi wa kutoka unyago, kina mama wanakuja kukuwekea nafasi mapema. Godoro jukwaani, kanga mpya juu yake, wali wameketi wamepakwa mafuta na macho chini, na wanawake wanaimba mbele na nyuma. Watu walijaribu pikapu. Pikapu ukiilazimisha iende mwendo wa mguu inanguruma, inachemka, moshi unawaingia waimbaji kooni. Kimya anakwenda mwendo wa mwanamke anayecheza. Akisimama mcheza ngoma, anasimama. Ngoma inasikika yote, hata ile ndogo. Mimi mwenyewe nilitoka hivyo, unakumbuka? Nilikuwa nalia kwa sababu mafuta yameniingia jichoni, na wewe uko kwenye usukani, hugeuki, unasema kwa pembe ya mdomo, "Lia, lia, watu watadhani ni adabu."

Sasa namba.

Ulipoondoka mwezi wa sita, Kimya alikuwa anakwenda kilomita ishirini na sita kwa chaji moja. Mwezi wa nane ishirini na mbili. Wa kumi, kumi na saba. Desemba, kumi na moja. Februari alinizimikia mbele ya soko na kreti zote kumi na nane juu, na dereva mmoja wa bajaji akanipitia polepole, "Dada, gari limelala au limesujudu?"

Nilimjibu, lakini jibu lenyewe si la kumwandikia marehemu.

Mama, nilikuwa nafanya kila ulichonifundisha. Kila Jumapili ya pili, yaani kila wiki mbili, kila seli kikombe kimoja cha maji. Vikombe ishirini na nne, lita sita. Maji ya mvua tu. Maji ya bati hapana, yana kutu na mavi ya kunguru. Maji ya kisima chetu hapana kabisa. "Chumvi ni ya mboga," ulisema, "ukimpa Kimya umemlisha sumu." Kiangazi kina Jumapili hizo kumi na tatu, ndiyo lita sabini na nane, ndiyo maana ulikuwa na madumu manne ya ishirini ishirini kule ghalani, yamefungwa midomo kwa vitambaa vya kanga. Lita mbili zinazobaki ulisema ni za Kimya kunawia uso.

Madumu yale manne ya mwisho tuliyakinga masika ile uliyokuwa unakohoa. Nilitandika nailoni kwenye miti minne, nikaweka jiwe katikati, nikaacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi. Wewe ulikuwa mlangoni umejifunika kanga mbili, umeshika mwiko, unanielekeza kama askari wa barabarani. "Bado. Bado. Haya, kinga!" Nimelowa mpaka mifupani. Dumu la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilipojaa ukasema, "Sasa hata nikifa, Kimya ana maji mpaka Desemba." Nikakasirika, nikakwambia usiseme hivyo. Nilikasirikia neno. Hesabu ilikuwa sawa.

Basi nikawa nampa maji yale, na yeye anazidi kufa. Unajua nikawaza nini? Nisamehe. Niliwaza ulikuwa unanidanganya. Nilisimama mbele ya ukuta nikitazama chaki yako ya mwezi wa sita, seli ishirini na nne zote nzima, nikasema: haiwezekani gari zima lianguke hivi kwa miezi michache. Mama alikuwa anaandika namba za kunituliza. Aliona gari linakufa na yeye anakufa, akaandika afya ukutani ili niende Kitaya na moyo mweupe. Nikawa nimefiwa na mama, na sasa nafiwa na namba zake. Hilo la pili liliniuma vibaya, kwa sababu la kwanza nilikuwa nimelijua tangu utotoni kuwa litakuja.

Kaka Hamisi akapiga simu kutoka Dar. Unamjua anavyoongea, kama mtu aliyekodi simu. "Mwajuma, dunia inaendesha magari, nyie mnaendesha tochi." Kanitafutia pikapu nyeupe, mtumba, tani moja, kreti sitini kwa safari. Na hapo, Mama, yuko sahihi. Sitini dhidi ya kumi na nane. Safari moja badala ya zaidi ya tatu. Huo si mjadala, hiyo ni hesabu. Mnunuzi wa vyuma naye kaja kumtazama Kimya. Anataka madini ya risasi yaliyo ndani ya seli. Mwili, akasema, ataukata vipande hapahapa uani. Akampiga teke la gurudumu. Nikamwambia aje Ijumaa. Usiku huo... hapana, usiku sikuwaza kitu, nililala kama gogo. Ni asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya, nilipochukua chaki nikashindwa kuandika.

Nikamwita Fundi Nandonde Jumamosi, anipe neno la mwisho. Nilitaka aniambie gari limezeeka, niuze kwa amani. Akavaa miwani yake yenye uzi, akainama seli moja moja, akachungulia chini ya vioo kwa tochi. Halafu akasema:

"Hizi hazikufa kwa uzee. Hizi zimekula chumvi."

"Fundi, mimi nile yamini? Maji nimekinga mwenyewe."

"Yako wapi?"

Katika dumu la nne yalikuwa yamebaki. Nikamletea. Akamimina kiganjani, akaonja, akanimiminia na mimi. Mama, nani anaonja maji ya betri? Sikuwahi hata siku moja. Nikaonja. Yalikuwa maji ya kisima chetu. Chumvi tupu.

Nilisimama pale na ulimi nje kama mbuzi. Halafu nikaanza kupiga kelele ua mzima. Ni nani aliyeniibia maji ya mvua akanirudishia ya kisima? Mwizi gani huyu mwenye adabu, anaiba dumu la maji halafu anajaza, anafunga na kitambaa palepale kilipokuwa? Fundi akavua miwani. Na kutoka upande wa pili Bi Somoe, aliyekuwa anapepeta mchele, akauweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "mwizi ni mimi."

Akaja akakaa kwenye kigoda hiki nilichokalia. Akanieleza. Nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu ulikuwepo lakini hukusikia.

Siku ile uliyokufa, bomba lilikuwa kavu siku ya pili. Wakateka kisimani, wakakuweka tayari, wakaanza kupaka sabuni. Sabuni ikakataa. Maji yetu unayajua, hayatoi povu, yanaikata sabuni inakuwa kama uji ulioharibika. "Nikasema hapana," aliniambia. "Fatu niliyekaa naye meza moja miaka yote ile, hatakwenda kwa Mola wake na maji yanayomkwaruza." Akakumbuka ghala. Akafungua dumu, akaonja, matamu. Wakakuosha nayo. Povu likajaa, akasema, mpaka wakaanza kukutania, "Fatu leo umependeza, unakwenda wapi?" na wote wanalia. Ya mwisho wakatia kafuri, chumba kizima kikanukia. Waoshaji walikuwa watano, nao wakanawa. Madumu yote manne.

"Na ukajaza ya kisima?"

"Sasa ningeyaacha matupu? Nyumba ya msiba? Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, mwanangu, mama yako mwenyewe hakuwahi kunirudishia bakuli bila kitu ndani."

"Bi Somoe, ulijua ni maji ya Kimya."

"Nilijua mnampa maji ya mvua. Nilidhani ni mapenzi. Kama mtu anavyompa paka maziwa."

Fundi Nandonde akageuka akatazama ukuta. Mimi nilikuwa sijui nifanye uso gani. Bi Somoe akafuta macho kwa pembe ya kanga, akanyoosha shingo kuelekea kwa Kimya, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi namba saba, nimeamkaje?"

"Bi Somoe, wewe umekufa tangu Januari."

"Mimi!" akashika kifua. "Basi nimejiua mwenyewe!"

Mama, tulicheka. Tulicheka mpaka fundi akatuomba tumuonee huruma, ana ngiri. Ni mara ya kwanza kicheko kimesikika banda hili tangu uondoke, na katikati ya kicheko ndipo lilipokuja lile jambo, likanikalisha chini palepale kwenye saruji.

Maji yale niliyakinga mimi.

Dumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mikono yangu. Wewe mlangoni na mwiko wako. Miezi tisa nimekuwa nasema hakuna tone la mwanao lililokugusa siku ile. Mama, lita themanini.

Kesi yangu naifuta. Na ile ya pili, ya chaki, naomba radhi. Namba zako zilikuwa za kweli mpaka ya mwisho. Nimezipitishia rangi ya mafuta juu ili zisifutike.

Sasa nikupe uamuzi, nisikuchoshe.

Seli zilizokufa kabisa ni sita. Zimebaki kumi na nane. Fundi kaziruka zile sita kwa waya mnene, tukapata volti thelathini na sita. Nimemtoa Kimya jana saa kumi jioni, mpaka msikitini na kurudi, na tena, na tena, mpaka akadai kupumzika. Kilomita tisa. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea, hazidi. Bibi mmoja na kapu la muhogo kichwani alitupita akatusalimia. Kwa soda, hafai. Nimempigia Kaka Hamisi, nimemwambia anunue pikapu, na nimemwambia alikuwa sahihi kuhusu kreti. Aliniuliza mara mbili kama ni mimi kweli.

Lakini wali hawaendi mwendo wa soda. Wali wanaenda mwendo huohuo aliobakiwa nao. Mwezi wa saba wanatoka binti saba wa huku Chikongola, na mama zao wameshakuja kuuliza kama Kimya yupo. Nimewajibu yupo. Kwa hiyo Kimya harithiwi na pikapu. Amestaafu soda tu, kama wewe ulivyostaafu kubangua ukapanda usukani. Siku seli kumi na nane zikiwa kumi na mbili, nitapiga hesabu upya, na nitakuwa mkweli. Leo bado ni kumi na nane.

Ijumaa mnunuzi wa vyuma ataondoka na seli tano. Hapana, sikukosea. Ya sita, ile yenye jina lake, Bi Somoe kaikatalia. Fundi kaiosha, kampa, kaiweka barazani kwake karibu na kata ya maji. Anawaambia wapita njia, "Huyu ni mimi, na siuzwi kwa kilo."

Jumapili mvua ilinyesha ya haja. Nikatandika nailoni. Bi Somoe akashika ncha moja, hakuna aliyemwita, na akawa ananiamrisha, "Bado, bado," sauti yako kabisa, nikataka kumfukuza, nikataka kumkumbatia, nikakinga maji. Safari hii nimekinga madumu matano. Kwa seli kumi na nane nahitaji lita hamsini na nane na nusu tu, kwa hiyo manne yanatosha na kubaki, lakini mwaka huu nimejifunza kuwa hesabu yako ya madumu ilikuwa na upungufu. Nilichukua rangi nyekundu, manne nikaandika KIMYA, herufi kubwa, ubavu kwa ubavu, hata aliyefiwa na macho yamejaa maji asikosee. La tano sikuandika kitu.

Bi Somoe akalizunguka. "Na hili la nani?"

"La kutolea povu," nikamwambia. "La atakayetangulia, yeyote, hapa mtaani. Lisiandikwe jina."

Akakifunga kile kitambaa vizuri zaidi ya nilivyokuwa nimekifunga, mafundo mawili.

"Lifunike sana," akasema. "Mimi sina haraka."

Mama, hii ndiyo ahadi yangu, na unajua mimi si mtu wa kuahidi nisichoweza kupima. Kila masika nitamwaga la tano na kulikinga upya, liwe tamu. Yeyote atakayeoshwa kwenye mtaa huu hatakwaruzwa na maji. Na itakapofika zamu ya mtu wangu, au yangu mimi, nimeshamwambia Bi Somoe liko wapi, na nikamkumbusha alirudishe likiwa na kitu ndani, lakini safari hii asinijazie ya kisima.

Lala salama. Asubuhi hii, seli ya kwanza: elfu moja mia mbili hamsini na tano. Nimeiandika chini ya mwandiko wako. Umeamka vizuri.

Mwanao,
Mwajuma